Majeruhi yuko chini, wewe ndo umefika wa kwanza: mwongozo kamili wa dakika za mwanzo kwenye ajali ya barabarani

Huu mwongozo nawaandikia wale ambao barabara ndo ofisi yao. Madereva bodaboda, makondakta, madereva wa malori na Noah, mgambo, mama lishe wa pale stendi, walimu wa shule zilizo kando ya lami, na yeyote aliyeanza mafunzo ya huduma ya kwanza anayetaka kuelewa kwa nini anafundishwa hatua kwa mpangilio ule na sio mwingine. Hapa kwetu Tanzania majeruhi wa ajali mara nyingi sana haletwi hospitali na ambulansi, analetwa na watu waliokuwepo. Muhimbili walifungua idara yao ya magonjwa ya dharura mwaka 2010, na baada ya hapo hospitali nyingine kubwa zikafuata, kwa hiyo mtu akishafika mlangoni pa hospitali hali ni nzuri kuliko zamani, ila pale kwenye kona za Kitonga au mteremko wa Sekenke saa tisa usiku bado ni wewe na waliosimamisha magari.

Na kitu kimoja nataka kikae kichwani kabla hatujaanza. Watu wetu hawana shida ya huruma, ajali ikitokea wanakimbilia, wanaacha biashara zao, wanatoa kanga zao, hilo silalamiki hata kidogo. Shida ni haraka ya kubeba. Unakuta majeruhi anavutwa mkono, anakunjwa, anarushwa nyuma ya pickup, au anapigwa mshikaki kwenye bodaboda, dereva mbele, mtu mwingine nyuma, yeye katikati shingo inaning'inia, na damu inamwagika njia nzima mpaka hospitali. Kumbe dakika tatu nne za kufanya kitu sahihi palepale chini ndo zilikuwa zinatakiwa. Damu ikitoka kwenye mshipa mkubwa wa paja mtu anaweza kufa ndani ya dakika chache tu, hakuna dereva anayeweza kuishinda hiyo kwa mwendo.

Vitu vya kuwa navyo

Sio lazima begi la gharama. Jozi nne tano za glovu (zinauzwa kila duka la dawa), bandeji pana mbili au tatu, shashi, mkasi mgumu unaoweza kukata jinzi, kitambaa kigumu kilichokatwa upana wa vidole vitatu na urefu wa zaidi ya mita moja, kijiti kigumu, kalamu ya maka, tochi na kanga mbili. Basi. Kanga nazisisitiza kwa sababu inafanya kazi zote, inazuia damu, inafunga kiuno, inabeba mkono uliovunjika, inamfunika mtu asipate baridi, na kila nyumba ipo.

Glovu zikiisha usikimbilie damu kwa mikono mitupu. Zamani tungesema vaa mfuko wa rambo, ila ile mifuko ilipigwa marufuku Juni 2019, sasa tafuta nailoni ya kufungia mkate au kifungashio chochote kisichopitisha maji, ingiza mkono humo. Na kama majeruhi ana fahamu na mkono wake mzima unafanya kazi, mwambie akandamize kidonda chake mwenyewe huku unajiandaa.

Hatua ya 1: simama, angalia, ndo usogee

Sekunde kumi tu. Magari bado yanapita kwa kasi? Kuna nyaya za umeme zimeanguka? Kuna harufu ya petroli? Gari limekaa vibaya linaweza kuporomoka? Ukigongwa wewe kuna majeruhi wawili na mwokoaji hakuna.

Kwenye suala la mafuta nitakuwa mkali. Tarehe 10 Agosti 2019 pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakaenda kuchota petroli, moto ukalipuka na zaidi ya watu 100 walifariki. Kenya yaliwakuta hayo hayo Sachangwan tarehe 31 Januari 2009, na kule pia waliokufa walizidi 100. Kwa hiyo ukikuta tenka limelala na mafuta yanamwagika, kazi yako ya kwanza sio majeruhi, kazi yako ni kuwarudisha watu nyuma, mbali kabisa, upande ambao upepo unatokea, hakuna sigara, hakuna kuwasha pikipiki, na mwenye ndoo au dumu afukuzwe hata kama atakutukana. Sema kwa sauti, rudia, tafuta vijana wawili watatu wenye sauti wakusaidie.

Ajali ya kawaida, weka alama mapema. Matawi ya miti, pembe tatu za gari, mtu mwenye tochi au simu iliyowashwa, na zikae mbali, mita 50 angalau, kwenye barabara kuu au kwenye kona zaidi ya hapo, pande zote mbili. Zima swichi ya gari lililoanguka, weka hendibreki kama inafikika. Waya wa umeme ukiwa umegusa gari usiguse hilo gari, na waliomo ndani waambie watulie wasishuke mpaka TANESCO wakate umeme. Ila gari likianza kuwaka hapo hawana namna, waruke miguu yote miwili ikiwa pamoja, wasishike bati la gari na ardhi kwa wakati mmoja, alafu wasogee mbali kwa hatua fupi za kuburuza miguu.

Hatua ya 2: gawa kazi, piga simu

Usiseme "jamani mtu apige simu". Hakuna atakayepiga, kila mmoja atajua mwenzake amepiga. Mnyooshee mtu kidole: "Kaka wa shati jeupe, piga 112, alafu rudi uniambie wamesemaje." 112 ni polisi, 114 ni zimamoto na uokoaji, na hao 114 ndo wenye vifaa vya kukatia gari mtu akiwa amebanwa. 115 ni ya mama mjamzito, aliyejifungua na kichanga, huduma ya m-mama, kwa hiyo ukikuta mjamzito hali mbaya hiyo namba iwe kwenye simu yako. Mliopo Kenya ni 999 au 112, na Msalaba Mwekundu wana 1199.

Anayepiga aseme mahali kwanza. Mahali, mahali, mahali. Jina la kijiji, jiwe la kilomita lililopo pembeni ya barabara, upande wa kwenda wapi, karibu na kituo gani cha mafuta. Alafu ndo aseme ni ajali gani, wangapi wameumia, kuna waliobanwa au moto. Asiwe yeye wa kwanza kukata simu.

Mtu mwingine mpe kazi ya kulinda mali za majeruhi, simu na pochi viwe kwa mtu mmoja anayejulikana pale, mjumbe au mwenye duka, na watu waone anapokabidhiwa. Hili linaonekana dogo lakini linatuliza eneo na linawaondolea fitina waliosaidia.

Hatua ya 3: nani kwanza

Wakiwa wengi, usikimbilie anayepiga kelele. Anayepiga kelele ana pumzi. Sema kwa nguvu, "Wote mnaoweza kutembea njooni hapa chini ya mti!" Watakaokuja hao wanaweza kusubiri, na hata wengine watakusaidia kazi. Waliobaki chini pita haraka mmoja mmoja, kila mtu usizidi nusu dakika, unatafuta vitu vitatu: damu inayotoka kwa nguvu, pumzi, na fahamu (anafuata amri rahisi kama "nibane mkono"?). Anayevuja damu nyingi, anayehema mbio mbio zaidi ya mara 30 kwa dakika na asiyejielewa hao ndo wa kwanza. Asiyepumua, fungua njia ya hewa, akianza kupumua naye ni wa kwanza. Kama hapumui hata baada ya hapo na una watu wengine kumi wanaovuja damu, nenda kwa hao kumi. Ni uamuzi mgumu na unauma, lakini ndo unaofundishwa dunia nzima kwa sababu mikono yako ni miwili.

Angalia pia mitaroni na vichakani, watu hurushwa mbali na gari, na watoto hubanwa chini ya viti.

Hatua ya 4: damu

Hapa ndo nataka ukae muda mrefu zaidi kwenye mafunzo yako, kwa sababu hapa ndo mtu asiye daktari anaweza kuokoa maisha kwa kitambaa tu.

Damu ipi ni ya hatari? Inayoruka kwa mapigo, inayotoka bila kukatika, iliyolowesha nguo nzima, inayofanya dimbwi chini, au mkono au mguu uliokatika. Kata nguo uone kidonda chenyewe, usikisie juu ya suruali. Usiku pitisha mikono yenye glovu mwili mzima, kichwani, mgongoni, chini ya kiuno, katikati ya mapaja, toa uiangalie na tochi kama ina damu. Nguo nyeusi zinaficha damu nyingi sana.

Kwanza kandamiza. Weka shashi au kitambaa safi moja kwa moja kwenye chanzo cha damu, viganja viwili, mikono imenyooka, egemeza uzito wako. Sio kugusa, kukandamiza. Atalia, atakusukuma, endelea, mwambie kwa upole kwamba unazuia damu. Usifungue fungue kuangalia kama imekata, kila ukifungua unaondoa damu iliyoanza kuganda. Dakika 10 mfululizo. Kitambaa kikilowa ongeza kingine juu, na ukiona bado inapita maana yake hujagusa chanzo, hapo ndo unaruhusiwa kutoa uangalie ulipokosea mahali alafu unaanza upya na nguvu zaidi.

Kidonda kilichoingia ndani sana cha kinenani, kwapani au begani, mahali ambapo huwezi kufunga chochote kuzunguka, unajaza. Unachukua shashi au kipande cha kanga safi unakisukuma kwa kidole ndani ya kidonda mpaka chini kabisa kwenye chanzo, unaendelea kujaza mpaka kimejaa na kuzidi, alafu unakandamiza juu yake dakika 10. Watu wengi wanaogopa hii. Ni kweli inatisha kuingiza kidole kwenye nyama ya mtu, ila ndo njia pekee hapo. Usijaze kifua wala tumbo, huko hapana.

Mkono au mguu ambao damu haikati kwa kukandamiza, au umekatika, au uko peke yako na majeruhi ni wengi, funga toniketi, yani mkanda unaobana mkono au mguu mpaka damu isipite. Ile ya dukani iliyotengenezwa kwa kazi hiyo ndo bora, ukiipata nunua. Ukikosa, tumia kile kitambaa cha upana wa vidole vitatu, na fanya hivi:

1. Funga juu ya kidonda, upande wa kuelekea kwenye mwili, kama vidole vinne kutoka kwenye kidonda. Usifunge kwenye goti lenyewe au kiwiko chenyewe, ruka uende juu zaidi.
2. Zungusha mara mbili, piga fundo nusu, weka kijiti kigumu juu yake (spana au bisibisi inafaa, penseli itakatika), piga fundo kamili juu ya kijiti.
3. Zungusha kijiti mpaka damu isimame. Sio ipungue, isimame. Iliyolegea ni mbaya kuliko kutofunga kabisa kwa sababu inazuia damu kurudi na huku bado inaingia.
4. Funga kijiti kisirudi nyuma.
5. Andika muda kwa maka, kwenye paji la uso au kwenye mkono mzima. Andika kama simu inavyoonyesha, 14:20, usiandike saa nane na dakika ishirini, maana hospitali wataisoma 8:20 na watafikiri imekaa toka asubuhi.

Usitumie waya, kamba ya katani wala uzi wa viatu, unakata nyama bila kuzuia mshipa. Inauma sana, mwambie mapema kwamba itauma. Na ukishafunga usilegeze "ili mguu upumue", hilo nalisikia kila darasa, achana nalo, atakayelegeza ni daktari. Wasiwasi wa kwamba ukifunga tu mguu umeshapotea sio kweli, hata ikikaa masaa mawili kwa kawaida mguu unapona.

Kitu kilichochoma mwilini, nondo, kioo, kipande cha mbao, kisitolewe. Zungushia vitambaa kila upande kisitikisike, kiende hivyo hivyo hospitali. Damu au maji yanayotoka sikioni baada ya kuumia kichwa usizibe, funika kwa juu tu.

Hatua ya 5: njia ya hewa

Mtu asiye na fahamu akilala chali ulimi unarudi nyuma unaziba koo, na matapishi au damu vinaingia kwenye mapafu. Kile kikoromo watu wanasema "bado amelala usingizi", hapana, hiyo ni njia ya hewa inayoziba. Wapo waliokufa kando ya barabara wakiwa na mfupa mmoja tu umevunjika, kilichowaua ni kulazwa chali.

Mwite, mgonge bega. Hajibu? Piga magoti nyuma ya kichwa chake, weka viganja pande mbili za uso, vidole nyuma ya kona za taya chini ya masikio, sukuma taya ije mbele huku kichwa kimetulia. Hivyo ndo tunafanya kwa mtu wa ajali kwa sababu shingo inaweza kuwa imeumia. Kama hewa haipiti hata hivyo, inamisha kichwa nyuma kidogo kidogo mpaka ipite, kwa sababu shingo itatibiwa lakini asiyepata hewa hatafika. Angalia mdomoni, kinachoonekana toa kwa kidole, kisichoonekana usipapase utakisukuma ndani.

Sasa sogeza shavu lako karibu na mdomo wake, macho yakiangalia kifua, sekunde zisizidi 10. Anapumua vizuri? Mgeuze ubavu. Mkiwa watatu wanne, mmoja anashika kichwa na ndo anayetoa amri, wengine bega, kiuno na miguu, "kwa pamoja, moja mbili tatu", anageuka kama kipande kimoja bila shingo kujipinda. Ukiwa peke yako na anatapika, mgeuze tu wewe mwenyewe, mkono wake wa mbali shavuni, goti la mbali limekunjwa, vuta goti aje upande wako, mdomo uangalie chini. Kaa naye, pumzi ikaguliwe kila dakika.

Kofia ngumu

Dereva bodaboda amevaa helmeti, anapumua vizuri, anaongea, hatapiki? Iache, fungua kioo cha mbele, shika kichwa kisitikisike. Inatolewa tu pale inapokuzuia kufikia mdomo au anaposhindwa kupumua, na inatolewa na watu wawili. Mmoja nyuma ya kichwa anashika helmeti pande mbili. Wa pili anakata au kufungua mkanda wa kidevuni, anaweka mkono mmoja chini ya kisogo na mwingine kwenye taya, sasa yeye ndo mwenye kichwa. Wa kwanza anatanua pande za helmeti anaivuta taratibu, anaiinamisha kidogo ipite pua, alafu anaiinamisha upande wa pili ipite kisogo. Fanyeni mazoezi na mwenzenu mzima hata jioni kijiweni, kwa sababu kwa maneno inaonekana nyepesi ila mikono ikiwa haijazoea inakwama puani.

Hatua ya 6: hapumui

Hajibu, na hapumui au anavuta pumzi moja moja ya kushtuka kama samaki aliyetolewa majini, ile sio pumzi, anza kukandamiza kifua. Kiganja kimoja katikati ya kifua, kingine juu yake, viwiko vimenyooka, kandamiza kwenda chini sentimita 5 mpaka 6, achia kifua kirudi chote, kasi mara 100 mpaka 120 kwa dakika, yani karibu mara mbili kila sekunde. Hesabu kwa sauti. Ukishafundishwa kupuliza, kila 30 puliza mara 2, kifua kionekane kinainuka. Hujafundishwa au huna kinga ya mdomo, kandamiza tu bila kusimama. Badilishaneni kila dakika 2 kwa sababu kuchoka kunakuja kabla hujajua umechoka. Mbavu zinaweza kulia, usiache.

Mtoto kandamiza theluthi moja ya kina cha kifua, kwa kiganja kimoja, na kichanga kwa vidole gumba viwili huku viganja vimezunguka kifua chake, kama sentimita 4. Watoto na waliozama majini (huku Ziwa Victoria na Pwani tunawapata sana) shida yao kubwa ni hewa, kwa hao pumzi za kupuliza ni muhimu, anza nazo kabla hujakandamiza.

Niwe mkweli, moyo uliosimama kwa sababu damu imeisha mwilini, kukandamiza peke yake hakuurudishi mara nyingi. Ndo maana damu nimeiweka juu. Kukandamiza kunasaidia zaidi aliyeanguka ghafla kwa moyo, aliyepigwa na umeme, aliyezama. Hao uwape kila nguvu uliyo nayo mpaka msaada ufike.

Hatua ya 7: mengine, harakaharaka

Kidonda cha kifuani kinachovuta hewa na kutoa mapovu: usikizibe kwa nailoni kikaziba kabisa, hewa itajaa ndani ibane pafu. Kiache wazi, au kama kinavuja damu weka shashi nyepesi kavu. Mwenye fahamu akae nusu-wima kama hana dalili za kuumia mgongo.

Utumbo umetoka: usirudishe ndani. Funika kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji safi.

Kiuno: mtu aliyegongwa na gari au aliyeangukiwa na pikipiki analalamika kiuno au nyonga, usimtanue miguu wala kumgeuza geuza. Chukua kanga, ipitishe chini ya magoti uipandishe taratibu mpaka usawa wa ile mifupa inayotokeza pembeni juu ya mapaja, vuta pande zote mbili kwa nguvu funga. Mifupa ya kiuno ikivunjika damu inamwagikia ndani huioni, hiyo kanga inapunguza sana.

Mguu au mkono uliovunjika: fungia mbao, maboksi yaliyokunjwa, au funga mguu mbovu na mzima pamoja, na funga kupita kiungo cha juu na cha chini ya mvunjiko. Vidole vikague kabla na baada, vina joto, anahisi ukimgusa? Vikiwa baridi baada ya kufunga, umebana sana, legeza. (Hii sio toniketi, hapa unaruhusiwa.)

Aliyeungua moto: maji safi ya kutiririka dakika 20, vua pete, bangili na mkanda kabla havijavimba, nguo iliyonata acha. Dawa ya meno, asali, unga, yai, manyoya ya sungura, hapana jamani. Vyote vinaganda juu ya kidonda na hospitali wanaanza kazi kwa kuvikwangua.

Hatua ya 8: joto na mshtuko wa damu

Mshtuko wa damu ni pale mwili unapokosa damu ya kutosha. Dalili zake ni jasho la baridi, mapigo ya haraka na dhaifu, kuhema mbio, kiu, kuhangaika, kuongea vitu visivyoeleweka. Kwa ngozi yetu nyeusi usitegemee "kupauka" usoni, angalia ndani ya midomo, viganja na ndani ya jicho. Mtu mkali anayegombana na wewe baada ya ajali usimwite mlevi haraka, huenda ubongo wake haupati damu.

Mlaze, mfunike kanga au jaketi, weka kitu chini yake pia maana lami usiku inanyonya joto. Mtu akipoa damu yake inashindwa kuganda vizuri, kwa hiyo ile tabia ya kummwagia majeruhi maji ili azinduke tuipige vita kabisa. Asipewe maji, soda, chai wala chochote mdomoni, anaweza kuhitaji upasuaji na anaweza kupaliwa. Mlowanishie midomo tu. Ongea naye, mwite kwa jina, mwambie unachofanya, usitaje mbele yake nani amekufa.

Hatua ya 9: kubeba

Sasa ndo tunabeba, sio kabla. Isipokuwa moto, maji au gari linaloporomoka, hapo mvute mara moja kwa kumshika makwapani kutoka nyuma, kichwa kikiegemea mikono yako, mwili unyooke kwenye mstari mmoja.

Ambulansi haiji? Tafuta gari ambalo mtu analala amenyooka, pickup, Noah iliyolazwa viti, hiace. Ubao, mlango, au blanketi iliyokunjwa pembeni na kushikwa na watu sita ni machela tosha. Mwenye kichwa ndo anaamuru. Ndani ya gari akae mtu wa kukandamiza damu na kuangalia pumzi, na dereva aendeshe kwa mwendo wa kawaida wenye uhakika, ajali ya pili njiani haina maana. Bajaji iwe pale ambapo hakuna kabisa kingine, na mshikaki wa bodaboda ni kwa aliyeumia kidogo anayejikalia mwenyewe, basi. Pigieni hospitali kabla mfike, na muulizeni kama wana uwezo wa upasuaji, kwa mwenye kuvuja ndani kituo kisicho na upasuaji ni kupoteza saa moja.

PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, isikusimamishe. Mmoja aende polisi kuifuata, majeruhi aende hospitali.

Mkifika, msimamishe muuguzi umwambie kwa mpangilio huu: umri na jinsia, nini kilitokea na saa ngapi, majeraha uliyoyaona, hali ilikuwaje na imebadilikaje, umefanya nini. "Mwanaume kama miaka 30, bodaboda imegongana na Fuso saa 14:05, paja la kulia lilikuwa linaruka damu, toniketi 14:20, alikuwa anaongea sasa anasinzia." Sekunde ishirini, na umempa daktari kitu ambacho hakuna kipimo kitampa.

Baada ya hapo

Vua glovu kwa kuzigeuza ndani nje, nawa kwa sabuni na maji mengi. Damu ya mtu ikiingia jichoni, mdomoni au kwenye mchubuko wako, osha palepale alafu nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo waambie umegusana na damu, kuna dawa za kuzuia VVU ambazo lazima zianze ndani ya saa 72 na zikianza mapema zaidi ni bora zaidi. Usione aibu kuuliza, ni haki ya aliyesaidia.

Siku zinazofuata ukikosa usingizi, ukisikia zile sauti, au ukashtuka kila breki ikilia, ongea na mtu, mkufunzi wako au mwenzako mliyekuwa naye. Hasa kama kulikuwa na mtoto. Na vifaa ulivyotumia virudishie kwenye begi kesho yake asubuhi, kuanzia glovu, maana ndo zinaisha kwanza.